Oksijeni imefunguliwa, mgonjwa hapandi: fuata mpira kutoka puani

Saa nane usiku oksimeta, klipu ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu kwa asilimia, inasoma 84. Mgonjwa ni baba wa miaka hamsini na kitu, ana nimonia ya pande zote mbili, mirija ya oksijeni iko puani, flomita, yaani kipima kasi ya oksijeni, iko kwenye lita 5 kwa dakika. Muuguzi wa zamu anafanya kile ambacho wengi wetu hukifanya: anazungusha kitufe hadi lita 8, anasubiri, anazungusha tena. Namba haisogei. Muuguzi huyo alikuwa mimi, na nilipoteza zaidi ya robo saa kabla sijainama na kukuta mpira umechomoka kwenye chupa ya maji ya kuipa oksijeni unyevu, nyuma ya kitanda. Oksijeni yote ilikuwa inapuliza ukuta.

Tangu usiku ule sianzi na flomita. Naanza na pua ya mgonjwa, nafuata mpira kwa mkono hadi oksijeni inakotoka, ndipo nafikiria lita. Maelezo haya nimeyapanga kwa njia hiyo hiyo, kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa wodi ambazo usiku hazina fundi wa vifaa tiba.

Ila kuna hali ambayo hutafuti kasoro kabisa. Mgonjwa akiwa haitiki, au anavuta pumzi moja moja za kutapatapa, au midomo imegeuka rangi na mapigo yanashuka, chukua ambu bagi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono) iliyounganishwa na oksijeni, inua kidevu, bana barakoa vizuri usoni, pumulisha, ita watu. Mpira ataukagua mwingine.

"Namba inarukaruka" au "namba haifanani na mgonjwa"

Mgonjwa anaongea sentensi nzima, anadai chai, na oksimeta inasema 71. Au kinyume chake: anahema kama ametoka kukimbia, na kifaa kinasema 99. Mojawapo ni mwongo, na mara nyingi si mgonjwa.

Angalia kwanza mapigo ambayo oksimeta inaonyesha, kisha hesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Yakipishana sana, namba ya oksijeni iliyo pembeni yake haina thamani. Sababu za kawaida ni kidole cha baridi, presha iliyoshuka, mgonjwa anayetetemeka, jua la dirishani likipiga kwenye klipu, au kibanio cha presha kilichovimba kwenye mkono huo huo. Pasha mkono joto, hamia kidole kingine au ndewe ya sikio. Ukiwa na shaka na kifaa, kivae mwenyewe: kikikusomea 80 na wewe uko mzima, umeshapata jibu.

Kwa wenzangu wa pwani kuna jambo la ziada. Bibi harusi na wageni wake huja na piko nyeusi hadi kwenye kucha, na rangi hiyo huzuia mwanga wa oksimeta. Hina nyekundu haina matata sana. Rangi ya kucha ifute, au geuza klipu ikae kwa ubavu wa kidole.

Yapo makosa mawili ambayo hayaonekani kwa kubadilisha kidole. La kwanza ni moshi wa mkaa. Familia imelala na jiko ndani, dirisha limefungwa, wanaletwa alfajiri wakiwa wamelegea na oksimeta inasoma 98. Kifaa hakijui kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kabonimonoksidi. Hao wape barakoa yenye mfuko, lita 15, namba iseme inavyotaka. La pili ni ngozi zetu. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa oksimeta na damu ya ateri. Kati ya vipimo ambavyo oksimeta ilisoma 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika 11.7% ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6% ya vipimo vya wagonjwa weupe. Kwa hiyo 92 ya mtu anayehema mara 36 kwa dakika isikupeleke kulala.

Upungufu mkubwa wa damu nao una hila yake. Mtoto wa malaria mwenye himoglobini ya 3 anaweza kusoma 97 na bado akawa anakufa kwa kukosa oksijeni mwilini, kwa kuwa hicho kidogo alichonacho kimejaa vizuri. Huyo anahitaji damu.

"Namba ni ya kweli, iko chini, na oksijeni ipo"

Sasa fuata mpira.

Puani: kamasi zilizokauka, ncha moja imetoka na inapuliza shavu, mirija ya mtu mzima imewekwa kwa mtoto. Ncha zinatakiwa kujaza kama nusu ya tundu la pua, zisizibe. Chovya ncha kwenye glasi ya maji. Mapovu yakitoka kwa nguvu, njia yote ni nzima hadi hapo na tatizo liko mbele, kwa mgonjwa au kwenye ubora wa oksijeni. Yasipotoka, tatizo liko nyuma. Jaribio hili la glasi huchukua nusu dakika na limeniokoa mara nyingi kuliko kipimo chochote cha bei.

Mpira: umekunjwa chini ya gurudumu la kitanda, umelaliwa na mgonjwa, una tone la maji lililotulia kwenye bonde la mpira, au umeungwa kwa plasta na mtu aliyekuwa na haraka. Plasta haizuii oksijeni kuvuja.

Chupa ya maji ndiyo mshukiwa wangu mkuu. Kifuniko kikikaa upande, uzi wake ukila vibaya, au kile kipete cha mpira cha ndani kikipotea wakati wa kuosha, oksijeni hutokea juu ya chupa huku maji yakiendelea kutoa mapovu kidogo ya kukudanganya. Bana mpira unaotoka kwenye chupa. Chupa nzima itaacha kutoa mapovu, na baada ya muda mfupi valvu ya usalama itapiga mluzi. Mapovu yakiendelea ilhali umebana, kifuniko kinavuja. Huna muda wa kukitengeneza? Kwa lita chache kupitia mirija ya puani mgonjwa hahitaji chupa hata kidogo. Iondoe, unganisha mpira moja kwa moja. Nimeona watu wakibishana na chupa mbovu kwa saa nzima kana kwamba ni dawa.

Flomita: gololi inayoelea ndani husomwa katikati yake, na flomita ikae wima. Ikiinama inasema uongo.

Mtungi: watu huangalia kama geji "ina kitu" na kuondoka. Piga hesabu. Mtungi wenye ujazo wa lita 40 za maji, geji ikisoma bar 100, una takriban lita 4,000 za oksijeni. Kwa lita 5 kwa dakika ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20, utafika asubuhi. Kwa lita 15 ni chini kidogo ya saa nne na nusu, na ukianza saa nne usiku utaishiwa kabla ya adhana ya alfajiri. Iandike saa ya kuisha kwenye kipande cha plasta, ibandike mtungini. Na mkono wenye mafuta, iwe ya kupaka, grisi au kitu chochote cha jamii hiyo, usiguse regyuleta, kile kifaa cha kupunguza shinikizo mdomoni mwa mtungi: mafuta na oksijeni yenye shinikizo huwaka bila kiberiti.

"Konsentreta inanguruma, hewa inatoka, mgonjwa hapati nafuu"

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu glasi ya maji inatoa mapovu mazuri na kila kitu kinaonekana sawa. Konsentreta huvuta hewa ya chumbani yenye oksijeni 21%, huipitisha kwenye nguzo mbili za zeolaiti zinazopokezana kunasa naitrojeni, na kutoa gesi yenye oksijeni karibu 93%. Zeolaiti ikichoka au ikinyonya unyevu, naitrojeni hupita. Hewa inayotoka itakuwa na nguvu ile ile na mapovu yale yale, ila ndani yake oksijeni imeshuka hadi 60 au 50. Pua haiwezi kutambua, wala flomita.

Dawa yake ni kipima oksijeni cha mkononi. Kikisoma chini ya 82% kwa kasi ambayo mashine imeruhusiwa, itoe kazini. Kama wodi haina kipimo, tazama taa ya onyo, na usikubali mazoea ya kuiziba kwa plasta kwa sababu "inasumbua". Njia nyingine ya haraka: hamisha mgonjwa kwenye mtungi kwa lita zile zile. Akipanda kutoka 85 hadi 93 ndani ya dakika chache, umeshamjua mwizi.

Chanzo kikubwa ni vumbi na joto. Kichujio cha sponji cha ubavuni kioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Weka cha akiba ili mashine isifanye kazi bila kichujio wakati kingine kinaanikwa. Mashine ikae angalau sentimita 30 kutoka ukutani na mbali na pazia. Umeme unaopanda na kushuka huua kompresa mapema, kwa hiyo stebilaiza si anasa. Na usilazimishe: konsentreta ya lita 5 iliyogawanywa kwa watoto watatu wa lita 2 kila mmoja inadaiwa lita 6. Itatoa hewa nyingi na oksijeni pungufu, na watoto wote watatu watateseka pamoja.

"Kila kitu ni kizima na bado yuko 86"

Kama umefika hapa kwa uaminifu, sasa gusa flomita.

Mtu mzima aliyezidiwa huweza kuvuta pumzi kwa kasi ya lita 30, 60 na zaidi kwa dakika. Ukimpa lita 5 puani, zinazobaki anazichota chumbani, ndiyo maana mirija ya puani kwa lita 1 hadi 5 humfikishia kama 25 hadi 40% tu. Barakoa ya kawaida huenda kwenye lita 6 hadi 10, na isishushwe chini ya 5 kwa sababu mgonjwa ataanza kuvuta tena hewa aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15, na mfuko uwe umejaa kabla hujamvisha. Mfuko ukinywea kila akivuta pumzi, lita hazitoshi. Barakoa hii kuungwa na konsentreta ya lita 5 ni kumfunika mgonjwa plastiki usoni, na bado hufanyika wodi baada ya wodi.

Mkalishe. Mgonjwa wa mapafu aliyelazwa chali akiinuliwa mgongo hupanda bila gharama. Aliye macho na anayeweza, mlaze kifudifudi kwa zamu. Mwanzoni mwa UVIKO-19 tulijifunza hili kwa haraka, ingawa kwa walio kwenye ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa, ushahidi ulikuwepo tangu 2013, pale jaribio la Ufaransa na Uhispania lilipoonyesha kuwa wenye mapafu yaliyoharibika vibaya wakilazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa siku, vifo vya siku 28 vilikuwa 16% badala ya 32.8%.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuupima bila maabara ya gesi za damu. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya rufaa ya Kigali, Rwanda, walichapisha vigezo vya kutambua ARDS, yaani mapafu yote mawili kuharibika ghafla, pale pasipo na kipimo hicho wala ventileta: gawa kiwango cha oksimeta kwa sehemu ya oksijeni anayovuta. Mwenye 90 kwenye oksijeni ya takriban 50% ana 90 ÷ 0.5, yaani 180. ARDS ni 315 au chini yake, hesabu ikifanywa oksimeta ikiwa 97 au chini yake, na picha au ultrasaundi ikionyesha mapafu mawili yameathirika. Mwenye 180 ni mgonjwa wa kupigiwa simu ya rufaa sasa, wakati bado anaweza kusafiri.

Na uliza upya ni nini kinachomuumiza. Oksijeni haitibu pumu iliyobana, wala mapafu yaliyojaa maji ya moyo, wala hewa iliyonaswa kifuani. Sikiliza pande zote mbili kila mara, hata kama tabibu wa mchana ameandika "nimonia".

Kwa kichanga njiti mambo hugeuka. Yeye akiwa kwenye oksijeni lengo ni 90 hadi 95, na 100 ya kudumu ni hatari, maana huharibu mishipa ya macho. Akisoma 99, shusha.

"Oksijeni nzuri, lakini analala sana"

Namba ya 97, wodi imetulia, mama anasinzia. Asubuhi haamki. Oksimeta hupima oksijeni tu, kabonidioksidi haioni. Mama aliyepikia kuni jikoni pasipo dirisha kwa miaka thelathini anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji sigara bila kuwahi kuigusa sigara. Kwa wagonjwa wa namna hii, ambao oksijeni ikizidi kabonidioksidi hurundikana na kuwalaza, lengo ni 88 hadi 92. Ukiona usingizi, jasho, mikono inayopiga kama mbawa akiinyoosha, punguza oksijeni taratibu hadi kwenye lengo hilo. Usiing'oe kwa mara moja, ataporomoka chini ya alikotoka. Kama kuna mashine ya kusaidia pumzi kwa barakoa, ndiyo wakati wake: anza na shinikizo la sentimita za maji 10 hadi 12 akivuta na 4 hadi 5 akitoa, na umtazame tena baada ya saa moja. Barakoa inayovuja kuelekea machoni ndiyo sababu ya kwanza ya kushindwa, na kukaza mikanda kupita kiasi huongeza uvujaji badala ya kuupunguza.

Sababu nyingine za usingizi huo ni mofini, ambayo ina dawa yake ya kuipinga, naloksoni, na misuli iliyolegea. Aliyeumwa na koboko au swila anaweza kusoma 98 kwenye oksijeni huku kope zikishuka, sauti ikififia, shingo ikikosa nguvu. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Alifika 20 saa mbili zilizopita na sasa anaishia 7? Andaa mrija wa kupumulia.

"CPAP ya mapovu haitoi mapovu"

CPAP ya mapovu humsukumia mtoto hewa puani kwa shinikizo la kudumu, na mrija wa kutolea hewa huzamishwa kwenye maji. Kina cha mrija ndani ya maji ndicho shinikizo: sentimita 5, shinikizo 5. Mapovu yakikosekana kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni puani kwa sababu mirija ni midogo, au mdomo wa mtoto uko wazi. Bana mirija puani kwa vidole: mapovu yakirudi, kosa ni la ukubwa wa mirija, yasiporudi, kagua viungio kurudi nyuma. Mapovu yapo na mtoto anashuka? Nyonya pua, tazama tumbo. Likiwa limejaa kama ngoma, pitisha mpira wa tumboni na uuache wazi. Tazama pia ngozi kati ya matundu ya pua, huchunika ndani ya siku moja.

Kifaa hiki nakipenda, lakini kinadai macho. Katika jaribio la hospitali moja ya wilaya Malawi lililochapishwa 2019, watoto wenye nimonia kali na hatari za ziada waliowekwa kwenye CPAP walikufa 17%, waliobaki kwenye oksijeni ya kawaida 11%. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa watoto arobaini ifikirie mara mbili.

"Ventileta inalia"

Mgonjwa akishuka ghafla, mtoe kwenye mashine, mpumulishe kwa ambu bagi na oksijeni kamili. Akipanda, kosa lilikuwa la mashine au mipira yake. Asipopanda, yamebaki matatu: mrija umehama, mrija umeziba, au hewa imenaswa kifuani. Soma alama ya sentimita mdomoni ulinganishe na iliyoandikwa. Mrija ulioteleza hadi pafu la kulia hunyamazisha upande wa kushoto. Pitisha mpira wa kunyonya makohozi: usipopita, kuna ute mgumu au mgonjwa anauma mrija. Upande mmoja ukiwa umevimba na kimya na presha inaanguka, usingoje picha ya eksirei, toboa kifua.

Kengele ya shinikizo la chini maana yake ni kuvuja au kuchomoka, na puto la mrija lililonywea ni la kawaida. Mgonjwa wa pumu ana lake: hewa inaingia na haipati muda wa kutoka, pumzi zinarundikana, presha inashuka. Mchomoe, bonyeza kifua taratibu aitoe, kisha mrudishe ukiwa umepunguza idadi ya pumzi kwa dakika.

Ujazo wa pumzi hukokotolewa kwa urefu wa mtu. Mwanaume wa sentimita 170 ni 50 + 0.91 × (170 − 152.4), yaani kilo 66, kwa mililita 6 kwa kilo ni kama 400, hata kama mizani inasema kilo 95. Jaribio la Marekani la mwaka 2000 lililolinganisha mililita 6 na 12 kwa wenye ARDS lilikuta vifo 31% dhidi ya 39.8%.

"Umeme umekatika"

Mtungi uwe umeshafungwa regyuleta, geji imesomwa mwanzo wa zamu, ambu bagi inaning'inia kitandani. Wakati wa polio ya 1952 Copenhagen wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kubana mifuko ya hewa kwa mikono, kwa wiki nyingi, na wagonjwa wengi wakaishi. Mtu mzima ni bano moja kila sekunde 5 hadi 6. Hofu hutufanya tubane mara thelathini kwa dakika, kwa hiyo mmoja ahesabu kwa sauti. Na ile spana ya kufungulia mtungi ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, kamba fupi, isiyoweza kufika mfukoni mwa mtu.